Ng'ombe wa mama kashuka toka lita 14 mpaka 8, nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu, na kamwene pia maana umeandika ukiwa Uwemba na mimi huko nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi kabla sijastaafu. Swali lako refu, nalifupisha ili na wengine wajue tunaongea nini. Kijana ni bodaboda pale Njombe mjini. Mama yake toka katikati ya Mei yupo Dodoma kumhudumia dada aliyejifungua, kamwachia ng'ombe mmoja chotara wa Friesian aliyezaa mwishoni mwa Januari, ndama jike, nguruwe watatu na kuku thelathini na kitu. Anasema hivi:

"Mama alikuwa anapata lita 14 kwa siku, mimi sasa hivi Julai napata 8, na pumba nampa nyingi kuliko alivyokuwa anampa mama, debe zima kila asubuhi. Naamka saa 12 nasafisha banda nakata majani, nakamua kwenye saa 2, jioni inategemea na abiria, saa 10 au saa nyingine saa 1 usiku. Maji nampa ndoo mbili. Majani yamekauka kwa hiyo nampa mabua, nachanganya na matawi ya parachichi tunayopogoa, anayapenda kweli. Siku nzima nashinda bandani kazi yangu imekufa, majirani wanasema niuze niongeze pikipiki ya pili. Nimekosea wapi, na siku niipangeje?"

Kabla ya yote, nenda kayatoe hayo matawi ya parachichi horini. Sasa hivi, acha hata kusoma, nitakusubiri.

Sawa. Hapo kwenye parachichi nilirudia kusoma mara tatu nikidhani nimeona vibaya, alafu nikajiambia hapana, hili lazima litokee Njombe maana siku hizi kila uani kuna mche wa parachichi na kila anayepogoa anaona hasara kutupa majani mabichi wakati wa kiangazi. Majani ya parachichi, magome yake na hata matunda yana sumu inaitwa pasini, na kwa mnyama anayenyonyesha hiyo sumu inakwenda moja kwa moja kwenye kiwele, inaua zile chembe zinazotengeneza maziwa, kiwele kinaweza kuvimba kikawa kigumu ukadhani ni ugonjwa wa kiwele wa kawaida na maziwa yanashuka kwa siku chache tu. Akila mengi inagusa na moyo. Mbuzi ndio usiseme, na sungura pia, kwa hiyo kama jirani yako anafuga mwambie. Kwamba anayapenda sio hoja, ng'ombe anapenda vitu vingi visivyomfaa, nimeshatoa mfuko wa nailoni kooni mwa ng'ombe aliyekuwa anautafuna kwa raha zake.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nataka ujue ni lita ngapi za kujilaumu. Ng'ombe akizaa maziwa yanapanda mpaka kama wiki ya 6 hadi ya 8, alafu yanaanza kushuka taratibu, kwa ng'ombe wetu hawa chukulia kama asilimia 10 kila mwezi hata umlishe vizuri namna gani. Mama aliondoka katikati ya Mei akiwa kwenye 14. Mwezi mmoja toa moja na kitu, unabaki na 12 na nusu hivi, mwezi wa pili unabaki na 11 na kidogo. Yaani hata mama angekuwepo leo asingekuwa anakamua 14. Katika zile 6 zilizopotea karibu 3 ni za kalenda, hizo hazirudi mpaka azae tena, usikonde kwa ajili yake. Zilizobaki 3 na kidogo ndio zako wewe, na hizo nyingi zinaweza kurudi.

Maji kwanza. Katika lita 10 za maziwa karibu lita 9 ni maji, hakuna uchawi pale. Ng'ombe wa ukubwa huo anayekula mabua makavu anataka lita 60 kwenda juu, na kila lita ya maziwa inadai maji yake juu ya hapo. Wewe unampa ndoo mbili, yaani lita 40, na naweza kubashiri kwamba ile ya asubuhi haimalizi. Si ndio? Uwemba mwezi wa 7 maji yaliyolala nje usiku ukiweka mkono unauma mpaka kwenye mfupa, sasa wewe unataka anywe lita 20 za hayo maji saa 12 asubuhi akiwa anatetemeka. Anagusa na mdomo, anapiga funda tatu, anaacha. Wewe unarudi unaona ndoo imebaki na maji unasema huyu hana kiu.

Fanya hivi, tafuta nusu pipa au beseni kubwa weka mahali jua linapopiga, jaza asubuhi ukimaliza kukamua, mpaka saa 5 saa 6 maji yamevunja ubaridi, hapo mwache anywe mpaka mwenyewe atoe kichwa. Ng'ombe anapenda sana kunywa akishakamuliwa na akishakula, kwa hiyo ukiweza chota maji ya moto kidogo jikoni changanya ile ndoo ya asubuhi ipoe ubaridi, utashangaa. Lengo ni maji yawepo muda wote, sio kwa ndoo za kuhesabu. Na pipa lisuguliwe, utelezi wa kijani ukianza ng'ombe anakunywa kwa kujilazimisha.

La pili pumba, na hapa najua unaniona kama nakugombeza. Debe zima kwa mkupuo mmoja ni nyingi mno. Pumba zinachacha haraka tumboni, tumbo linakuwa chachu, wale wadudu wadogo wanaosaga majani wanakufa, ng'ombe anaacha kucheua, na asipocheua hata hayo mabua hayamsaidii. Nenda kaangalie kinyesi chake saa hizi. Kikiwa kama uji, kinarukia ukutani, kina chembechembe za pumba ndani na harufu ya uchachu, hilo ndilo debe lako hilo. Kinyesi kizuri kinadondoka kinakaa kama chapati nene, unasikia sauti yake. Alafu mida ya saa 7 mchana akiwa amelala mwangalie mdomo, hesabu anatafuna mara ngapi kabla hajameza lile tonge, ikifika 50 mpaka 60 yupo salama, ikiwa 30 na kitu anameza tumbo halijatulia.

Kwa ng'ombe wa lita 8 kilo 4 kwa siku zinatosha, kilo 2 asubuhi 2 jioni wakati wa kukamua, na akipanda unaongeza kilo 1 kwa kila lita 2 za nyongeza. Pima kwa mzani wa dukani mara moja weka alama kwenye kopo basi. Usishushe siku moja toka debe mpaka kilo 4, shusha kidogo kidogo kwa siku kama 5. Na pumba tupu ni wanga tu, mabua nayo hayana kitu, kwa hiyo mtu wa kumwokoa hapo ni mashudu ya alizeti. Ukichanganya kilo 100 weka pumba 70, mashudu 27, madini 2 na chumvi 1. Kama pumba zina harufu ya uvundo au zimeshikana mabonge tupa, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa mnayokunywa nyie na ndama. Mabua yakatekate vipande vifupi, nyunyizia maji yenye chumvi kidogo, yakiwa marefu anachagua majani anaacha bua unadhani kala. Viazi najua vimejaa huko, vilivyooza na vyenye ukijani usimpe, vizima ukimpa vipasue maana vinakaba koo.

Sasa nakuja kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko pumba na mama yako hakukuambia kwa sababu hata yeye hajui kama anajua. Saa za kukamua. Ukikamua saa 2 asubuhi na saa 10 jioni umeacha masaa 8 mchana na masaa 16 usiku. Kiwele kikijaa sana maziwa yenyewe yanaambia mwili acha kutengeneza, na ukifanya hivyo wiki nzima mwili unaamini kweli kwamba maziwa hayatakiwi. Siku nyingine umerudi saa 1 usiku. Ng'ombe hajui kama ulipata abiria wa Makambako, anachojua ni kwamba saa yake imepita, kasimama miguu wazi anasubiri, maziwa yanadondoka yenyewe chini.

Weka saa 11 na nusu alfajiri na saa 11 na nusu jioni. Kama hiyo jioni haiwezekani kabisa kwa kazi yako basi chagua saa 11 alfajiri na saa 10 jioni lakini iwe hiyo hiyo kila siku, Jumapili, msibani, popote. Na ukamue kabla hujafanya kitu kingine chochote bandani! Wewe unaanza kusafisha, unakata majani, ng'ombe anasikia ndoo, anasikia panga, anajua wakati umefika, maziwa yanaanza kushuka alafu wewe umeenda zako. Mwili wake unatoa homoni ya kuachia maziwa na hiyo haikai zaidi ya dakika 5 mpaka 7. Ukimwosha kiwele na maji ya uvuguvugu, kitambaa safi, ukakausha, ndani ya dakika moja unaona chuchu zinajaa zinakuwa ngumu kidogo, hapo ndipo uingie na ukamue moja kwa moja mpaka mwisho bila simu. Ukichelewa yanarudi juu na hupati tena mpaka awamu nyingine, na yale ya mwisho ndio yenye mafuta. Ukimpiga au ukipiga kelele au mbwa akapita, hofu inafunga kila kitu. Kuna akina mama wanaimba wakikamua, watu wanacheka, mimi sicheki.

Kabla hujaanza kamua michirizi miwili ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu. Ukiona vipande vipande kama maziwa mgando au maji maji au damu, hiyo chuchu ina ugonjwa, ikamuliwe ya mwisho kwenye chombo chake na uite mtaalamu, usikimbilie duka la dawa kununua mrija wowote wa dawa ya chuchu. Akichomwa antibayotiki au akiwekewa dawa kwenye chuchu, maziwa hayauzwi wala hayanyweki mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Ukimaliza kukamua chovya chuchu kwenye dawa yake na umpe majani hapo hapo asimame kama nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu linakuwa bado wazi na akilala kwenye samadi analikaribisha jambo.

Nakuambia hivi kwa uchungu wangu. Miaka hiyo nikiwa bado kazini nilikwenda semina Iringa siku 4, nikamwachia kijana wa nyumbani ng'ombe wangu, jina lake Sikujua, kijana mzuri tu, ila alikuwa anaamka anapojisikia, mara saa 1 mara saa 3, na mikono haoshi. Nimerudi Ijumaa jioni nikamgusa chuchu ya nyuma kulia akarusha teke ambalo hajawahi kurusha toka nimnunue. Kiwele upande ule kilikuwa cha moto, kigumu kama kiazi kibichi, na kilichotoka ni maji ya njano. Mimi mtaalamu wa mifugo mzima, watu wananiita usiku kwenda kutibu ng'ombe zao, wangu mwenyewe nikashindwa kuiokoa hiyo chuchu. Alikamuliwa tatu mpaka mwisho wake. Kijana sikumfukuza, kosa lilikuwa langu, nilimwonyesha kazi lakini sikumwambia kwa nini.

Ndama wako sasa ana miezi 5 na nusu. Kama bado analala na mama yake usiku basi sehemu ya lita zako ipo tumboni mwake, mtenge, huyo ni wa kula majani na pumba kidogo sasa, na maji pia.

Kuna kitu hujaniandikia kabisa na ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko maziwa. Ana mimba? Alizaa mwishoni mwa Januari, ilitakiwa apandishwe mwisho wa Machi au Aprili, mama alikuwa bado yupo. Mpigie leo umuulize, alikuja mtu wa uhimilishaji, yule wa kupandikiza mbegu? tarehe ngapi? na je baada ya siku 21 alimwona tena kwenye joto, yaani anataka dume? Kama alipandishwa mwite mtaalamu ampime kwa mkono, miezi 3 inaonekana vizuri. Kama hakupandishwa au haikushika, kila siku 21 zinazopita umelisha bure, na hiyo hasara ni kubwa kuliko hizo lita 3 unazolilia.

Joto lenyewe kwa ng'ombe wa kufungwa peke yake ni gumu kuliona, hana mwenzake wa kumpanda, na mengi yanatokea usiku. Ndio maana nataka ukirudi na pikipiki, hata saa 3 usiku, upite bandani na tochi dakika 3 tu. Angalia mkia na makalio kama kuna ute mwembamba unaovutika kama ute wa yai, sikiliza kama analia lia bila sababu, kama amekataa kula, na asubuhi yake maziwa yamepungua ghafla. Ukiona asubuhi apandishwe jioni, ukiona jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Andika tarehe ukutani kwa mkaa. Ukiwa hapo hapo na tochi pitisha vidole ndani ya masikio, kupe wa ndigana wanapenda humo, na papasa chini ya sikio kama kuna tezi imevimba. Ikiwa imevimba na ana homa juu ya digrii 39 na nusu hiyo haisubiri kesho.

Nguruwe na kuku sitakaa sana. Nguruwe wasile mabaki ya hotelini bila kuchemshwa, na usiende kwenye banda la mtu ukarudi na buti zile zile kwako, homa ya nguruwe haina dawa na chanjo hapa kwetu hatuna, ikiingia kijijini imeingia. Kuku tone moja jichoni la chanjo ya kideri kila miezi 3, chupa moja mnagawana majirani siku moja maana ikishafunguliwa haikai.

Ukijumlisha hapo: alfajiri kukamua, kulisha, maji, samadi, saa 1 na nusu umemaliza na maziwa yameenda na pikipiki yako mwenyewe. Mchana saa 6 mtu wa nyumbani ajaze maji na kutupia majani, sio lazima uwe wewe. Jioni kazi ya lisaa limoja na kidogo. Usiku tochi. Haifiki masaa 4 kwa siku. Unashinda bandani kwa sababu unazunguka, unakata majani ya siku hiyo siku hiyo. Kata ya siku 2 kwa mpigo, jioni, yanyauke kidogo, hayana shida. Na mwakani mwezi wa 4 mahindi mabichi yakiwa mengi tengeneza sailegi, yaani malisho mabichi yanayovundikwa bila hewa, kwenye mifuko mikubwa ya nailoni, utakuja kuniuliza wakati huo nikueleze.

Kuuza? Mimi nisingeuza mwezi huu. Ng'ombe anayetoa 8 mwezi wa 7 kwenye baridi, pengine anaharisha, hana maziwa mengi na hajulikani kama ana mimba, huyo mnunuzi anakupa bei ya nyama. Na sio wako, ni wa mama. Nipe wiki 3. Toka kesho andika kwenye daftari vitu vitatu tu, lita za asubuhi, lita za jioni, na ndoo za maji alizokunywa. Zile siku 4 za kwanza usitegemee kitu, ukiacha parachichi kiwele kinahitaji muda, na kama kimevimba au unakiona kigumu usisubiri hizo wiki 3, mwite afisa mifugo wa kata kesho. Akifika 10 na nusu au 11 hapo ndipo pake, usimfukuze zaidi kwa pumba.

Ukimpigia mama muulize na hili, alikuwa anamwita ng'ombe jina gani asubuhi akiingia bandani.